Leseni ya Mama na Mazabodi Iliyoungua

Mwaka 2022, msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu, umeme ulikatika mtaani kwetu Tanga, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta ya mke wangu ikagoma kuwaka. Mke wangu ana steshenari barazani. Anachapa barua na wasifu, anatoa nakala, na msimu ule vijana humjazia baraza kuanzia asubuhi. Fundi alifungua kasha, akanusa, akasema mazabodi imeungua na ya kufanana nayo haipatikani tena. Disiki ilikuwa nzima.

Kijana wetu wa kwanza alikuwa chuo cha ufundi, likizoni. "Baba, msinunue iliyoundwa," akasema. "Nipeni hiyo hela niunde mwenyewe." Vifaa vikaja kwa basi kutoka Kariakoo: mazabodi, prosesa, ramu, SSD na pawa saplai. Kasha likabaki la zamani. Aliifunga mkekani sebuleni, bibi yake amekaa mlangoni kuwazuia wadogo wasikanyage skrubu. Ilipowaka, bibi alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani amechumbiwa.

Kijana akapiga windo kutoka kwenye flashi, kazi ya muda mfupi tu. Sasa ikabaki leseni.

Leseni ilikuwepo, tena halali. Mke wangu alipofungua steshenari, kaka yake anayefanya kazi Muskati alimletea sanduku la Windows 10 lililonunuliwa dukani. Ndani mlikuwa na kadi yenye ufunguo wa herufi na tarakimu 25, makundi matano ya tano tano. Kadi ile imetunzwa sandukuni pamoja na cheti cha ndoa na hati ya kiwanja, na haitoki humo ila kwa mkono wake mwenyewe. Akaitoa. Bahati mbaya wino ulikuwa umefifia, na katika kundi la tatu hakuna aliyeweza kusema kama ile ni B au ni 8. Binti yetu wa kidato cha tatu ndiye aliyekuwa na macho. Ufunguo wa Windows hauna irabu, hauna sifuri wala moja, kwa hiyo anayeona O au I ajue amesoma vibaya. Lakini B na 8 vyote vimo. Akajaribu kwa 8, ukakataliwa. Akajaribu kwa B, ukakubalika, halafu dakika ile ile skrini ikatoa namba ya kosa: 0xC004C008. Maana yake ufunguo umeshatumika kwenye kompyuta nyingine, na haki yake imekwisha.

Mke wangu aliisoma, akakaa kitako. "Zawadi ya kaka yangu, nimeilinda miaka yote, leo naambiwa si yangu?"

Jioni ile nyumba iligawanyika. Baba mdogo, aliyekuja kula chakula cha usiku, alikumbuka kwamba stoo kuna kompyuta ya mtumba kutoka Ulaya, imekufa zamani, lakini ubavuni bado ina stika ya leseni. "Ibandueni hiyo mtumie." Fundi wa mtaani alipigiwa simu, akasema yeye hana haja ya leseni: anakraki kwa shilingi elfu kumi, kazi imekwisha. Kijana naye aliona mtandaoni funguo zinazouzwa kwa bei ya chupa chache za soda. Kila mmoja alitaka mama arudi kazini kesho, na wote waliongea kwa mapenzi.

Ni lazima nieleze jambo hili, kwa sababu watu wengi hapa kwetu wanaumizwa nalo. Leseni za Windows za majumbani ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza huja na kompyuta kutoka kwa mtengenezaji, nayo huitwa OEM. Hiyo ni kama mbuyu, haihamishiki: imefungamana na mazabodi ya kwanza, na mazabodi ikifa kwa ajali ya umeme inakufa nayo. Stika ya stoo ilikuwa ya aina hiyo. Ya pili ni ya rejareja, iliyonunuliwa peke yake dukani. Hiyo unaruhusiwa kuihamishia kompyuta yako nyingine, kwa sharti uiondoe kwenye ya kwanza. Kompyuta moja kwa wakati mmoja. Zawadi ya Muskati ilikuwa ya rejareja, kwa hiyo mke wangu alikuwa na haki yake kamili.

Kukraki alikataa yeye mwenyewe. Alishaona kwa mwenzake wa steshenari ya pili: programu ile ya kukraki ilidai kwanza azime kinga ya virusi, na baada ya wiki mafaili ya wateja yakageuka takataka. Kompyuta inayoshika vyeti vya kuzaliwa na namba za NIDA za watoto wa watu haichezewi hivyo. Na zile funguo za bei ya soda aliuliza swali moja tu: "Nani anauza, na yeye aliipata wapi?" Kijana hakuwa na jibu.

Kwa nini basi mashine ilikataa haki hiyo? Tangu Windows XP ya mwaka 2001, mfumo endeshi huhakikiwa kwa kulinganishwa na vifaa vya kompyuta ulimowekwa. Ukibadilisha ramu au disiki, huvumilia. Ukibadilisha mazabodi, kwake hiyo ni kompyuta ngeni. Tangu mwaka 2016 ipo njia nyepesi: leseni huunganishwa na akaunti ya Microsoft ya mwenyewe, naye akiingia kwenye kompyuta mpya anaitangazia kwamba amebadilisha vifaa. Lakini fundi aliyeiweka ile ya zamani hakuwa na bando siku hiyo, akaiacha bila akaunti. Ikabaki njia ya simu.

Hapo ndipo kijana wetu aliposoma kwamba simu ile itauliza: nakala hii imewekwa kwenye kompyuta ngapi? "Mama, utajibu moja tu, mambo yaishe."

"Na ni moja?"

"Ile ya zamani si imekufa?"

"Mazabodi imekufa. Disiki ipo hai, na Windows imo humo. Mimi siongopi kwa simu kama nisivyoongopa kwa mdomo. Kwanza iondolewe, ndipo nijibu moja."

Basi tukaanza kuhama disiki. Ilichomekwa kwenye kompyuta mpya ikasomeka, maana haikuwa imefungwa kwa BitLocker. Ingekuwa imefungwa, ingedai ufunguo wa akiba wa tarakimu 48 kabla ya kufunguka. Tulinakili kazi za wateja, daftari la madeni, na picha za harusi yetu ambazo wadogo hawakuwahi kuziona. Kazi ilisimama. Bibi alitaka kila picha ielezwe: nani huyu, yule wa kanga nyekundu bado yu hai, kwa nini bwana harusi amekunja uso. Usiku ulikuwa umeingia sana disiki ilipofutwa yote, na mke wangu akaangalia kwa macho yake kwamba imebaki tupu.

Asubuhi tukaandika amri slui 4, skrini ikatupa namba ya kupiga pamoja na makundi ya tarakimu ya kusoma. Binti alishika simu kwa sababu Kiingereza chake kimenyooka. Mama yake alisoma kutoka kwenye skrini, kijana akafuatisha kwa kidole, bibi akawanyamazisha kuku uani. Katikati ya safari unit za Luku zikaisha, skrini ikawa giza, simu ikakatwa. Nikakimbia dukani kununua umeme. Tukaanza upya tangu kundi la kwanza.

Safari ya pili swali likaja. Binti akamtazama mama yake. "Moja," mke wangu akasema, na binti akarudia neno hilo kwa Kiingereza kwa sauti kubwa. Zikasomwa tarakimu za majibu, makundi kuanzia A hadi H, kila moja sita, zote 48. Maandishi ya kudai uhakiki yaliyokuwa pembeni chini ya skrini yakatoweka. Kabla ya mteja wa kwanza kukaa, mke wangu alifungua akaunti kwa jina lake na kuiunganisha leseni nayo. Kisha akampigia kaka yake Muskati.

Nina neno juu ya leseni zinazofungwa kwenye mazabodi. Naziona si haki kwa mnunuzi wa kwetu, anayelipa kwa jasho na kuishi na umeme unaoruka. Ujerumani, mahakama kuu ya shirikisho iliamua mwaka 2000 kwamba Microsoft haiwezi kuzuia nakala za OEM kuuzwa peke yake bila kompyuta. Nadhani mahakama ile iliona sawasawa: aliyelipa ndiye mwenye mali. Lakini hapa mnunuzi hulipa bila hata kujua kanunua aina ipi. Akitaka kujua, afungue dirisha la amri, aandike slmgr /dli, asome kama ni RETAIL au OEM.

Leseni ya mke wangu ilistahili taabu ile. Msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, leseni hiyo hiyo iliivusha kompyuta kwenda Windows 11 bila malipo.

Wauzaji wa kompyuta wa Tanga, Kariakoo na kwingineko, nawaomba: andikeni kwenye risiti kama leseni mnayouza ni OEM au ya rejareja. Nawe mnunuzi, usitoke dukani bila maandishi hayo.