Atlantiki Haina Kituo

Kutoka Kyela kwenda Marekani kuna njia nyingi, na zote zina kasoro moja: zinapita hewani. Binti wa mdogo wangu anahitimu chuo kikuu Minneapolis mwezi wa tano, na kwenye simu alitamka maneno ambayo mama mkubwa akishaambiwa hana tena pa kutokea: "Usipokuja, Mama Mkubwa, nitapiga picha na nani?" Nauli anatoa yeye. Viza nilikwenda kuiomba nikiwa na matumaini makubwa ya kunyimwa, wakanipa. Likabaki suala la njia, na hilo nikalichukua mwenyewe, maana kama ni lazima nivuke Atlantiki, basi nitaivukia pale ilipo nyembamba.

Msidhani mimi ni mwoga wa safari. Nimezaliwa Matema, ambako milima ya Livingstone inashuka mpaka kwenye maji ya ziwa, na tangu utotoni nimepanda mitumbwi kwenda Ikombe siku ambazo upepo wa kusini umeamka vibaya. Nimeteremka Kitonga usiku kwenye basi ambalo dereva alikuwa akigombana na mtu kwenye simu. Kutoka Tukuyu hadi Kyela barabara inashuka zaidi ya mita elfu moja, nami nimeishuka ndani ya Kosta nikiwa nimekalia gunia la mchele la mtu nisiyemjua. Sikuogopa, maana gari lina utaratibu wake. Dereva akizidisha mwendo, wa kwanza anaguna, wa pili anasema "Dereva, sisi si mizigo," wa tatu anataja ajali ya juzi, na mama mmoja wa kiti cha nyuma anapiga bodi kwa kiganja: "Shusha! Nashuka hapa hapa!" Hashuki, wala hakukusudia kushuka. Lakini dereva amesikia. Ukiniuliza mimi, gari la abiria Tanzania linaendeshwa na watu thelathini, ila mmoja wao ndiye kashika usukani.

Ndege nimeijua kwa msiba. Uwanja wa Songwe ulipoanza kutumika mwaka 2012 tulifurahi sana huku kwetu, mimi nikifurahi kwa niaba ya wengine. Kisha akafariki mjomba Dar, maziko kesho yake saa saba, na hakuna basi ambalo lingeniwahisha. Mahali fulani juu ya Iringa ile ndege ikadunda. Mdomo wangu, bila kuniomba ruhusa, ukafanya ulichozoea miaka yote: "Dereva, taratibu! Humu mna watoto!" Kimya kikatanda. Halafu nyuma kabisa sauti ya mzee, na lafudhi yake ikamtaja kwao kabla hajamaliza, ikaitikia: "Mwambie, mama!" Tukawa wawili. Mhudumu akaja na maji na tabasamu. Nikamuuliza kama ujumbe umefika. Akanijibu kwa upole kwamba rubani yuko nyuma ya mlango uliofungwa na hasikii.

Hasikii! Mimi sikuwa na ugomvi na urefu wa kwenda juu wala na mabawa. Lakini kumpa mtu roho yangu, naye hasikii, hilo sijawahi kukubaliana nalo hata kwa bodaboda.

Basi nikaanza kupanga njia. Tufe nililoazima kwenye ofisi ya walimu ya shule yetu ni la zamani kiasi kwamba Urusi bado ni ya Kisovieti na Kongo bado ni Zaire, lakini bahari haijahama. Nikachukua uzi wa kushonea. Ramani ya ukutani ni mwongo mkubwa: inakuonyesha kwamba kutoka Ulaya kwenda Marekani unanyoosha tu kuelekea magharibi. Ukivuta uzi juu ya tufe, wenyewe unapanda kaskazini, kwa sababu dunia ni mviringo na njia fupi inajipinda kuelekea ncha. Nikavuta Nairobi mpaka New York, safari ambayo Kenya Airways waliianza Oktoba 2018, moja kwa moja, saa kama 15. Uzi ukakata Afrika kwa mshazari, ukavuka Sahara, ukatokea Moroko. Mpaka hapo moyo umetulia. Ni nusu ya safari na chini ni nchi kavu, hata kama ni mchanga. Lakini kutoka Moroko ni maji matupu, karibu kilomita 5,800. Nikauweka uzi chini nikaenda kupika.

Jioni pakawa na kikao ambacho sikukiitisha. Mume wangu alipendekeza meli. Ipo kweli: Queen Mary 2, inatoka Southampton kwenda New York, usiku saba. Nikamuuliza Southampton nitafikaje, akasema kwa ndege, halafu akanyamaza mwenyewe. Mzee jirani yetu, mvuvi, akasimulia alivyosikia kwa baba yake, kwamba mwaka 1949 na 1950 ndege za Waingereza zilikuwa zikitua juu ya ziwa hili hili, kule Cape Maclear upande wa Malawi, zikitoka Southampton kwenda Afrika Kusini. Ndivyo ilivyokuwa, zilikuwa ndege za matumbo ya boti. "Hizo ndizo zilikuwa na adabu," alisema. "Zikichoka, zinakaa majini." Kisha akataka kujua kama hakuna pahali Marekani imekaribiana na nchi nyingine. Nikamwonyesha mlango wa bahari wa Bering, kati ya Urusi na Alaska, kilomita 80 na kitu. Akapima kwa macho. Ziwa letu pale lilipotanuka zaidi ni kilomita 75 hivi. "Hapa unavuka kwa mtumbwi," akaamua, "ukiondoka alfajiri." Kufika Urusi ya mashariki hakukumsumbua hata kidogo, hilo lilikuwa suala la usafiri wa nchi kavu, na usafiri wa nchi kavu huwa unapatikana.

Shemeji yangu, fundi wa magari, ndiye aliyeleta habari zenye msaada, ingawa alizileta vibaya. Alisema ndege ya injini mbili haiachwi izurure baharini itakavyo: lazima wakati wote iwe umbali wa muda fulani kutoka uwanja inapoweza kutua kwa injini moja. Mwaka 1953 Wamarekani waliweka dakika 60. Mwaka 1985 wakaruhusu 120, na 1988 wakafika 180. "Kwa hiyo wanazidi kulegeza," nikasema. Akasema hapana, injini ndizo zimezidi kuwa imara. Nikamkumbusha kwamba maneno hayo hayo ndiyo aliyoniambia kuhusu injini ya pikipiki yake.

Lakini usiku sikulala, na si kwa hofu. Kama kuna kanuni ya viwanja, basi viwanja vipo. Kwa maneno mengine, Atlantiki ina vituo! Nikawasha taa, nikavuta uzi kutoka Amsterdam mpaka New York, nikaandika kwa penseli. Shannon, Ireland. Keflavik, Iceland. Lajes, kwenye visiwa vya Azori. Na ng'ambo, Gander, kwenye kisiwa cha Newfoundland, Kanada. Uzi wangu ulipita Ireland, ukatumbukia baharini, ukaibukia karibu na Gander kabisa, na katikati yake ni kilomita 3,000 na ushee tu. Ndiyo ile sehemu nyembamba. Hapo ndipo Alcock na Brown walipopita mwaka 1919, watu wa kwanza kuivuka Atlantiki kwa ndege bila kutua, na wakaangukia pua kwenye matope ya Ireland wakatoka wazima. Nilipenda zaidi habari ya Gander. Septemba 11, 2001, anga la Marekani lilipofungwa, ndege 38 zilitua pale na watu karibu 7,000, na wenyeji wa mji ule mdogo wakawalisha na kuwalaza kwa siku kadhaa. Huo ni mji ambao mtu anaweza kuupigia bodi.

Asubuhi nilimweleza mzee mvuvi pia kwamba juu ya bahari ile njia za ndege hupangwa upya kila siku kwa kuangalia upepo: za kwenda Marekani hupangwa na wa upande wa Uingereza na Ireland, za kurudi hupangwa na hao hao wa Gander, na wanaorudi hupanda mgongo wa upepo wakawahi kufika. Akaniangalia muda mrefu. "Mbona hukusema toka jana?" aliuliza. "Hao ni wavuvi." Akaondoka zake ameridhika, na sijui kwa nini nami nikaridhika kidogo.

Kwa wakala wa tiketi pale Mbeya nilifika na penseli yangu na njia yangu. Basi mpaka Dar, ndege mpaka Amsterdam, kisha New York. Binti wa mezani akabofya kompyuta, akaniambia kwa furaha: "Lakini mama, kuna inayotoka Amsterdam moja kwa moja mpaka Minneapolis kwenyewe." Nikamwambia hiyo nimeshaipima, inapita kwenye ncha ya kusini ya Greenland, na Greenland ni barafu, pale hata wakinishusha nitashukia kwa nani? Akauliza kama ninataka kiti cha dirishani. Nikataka kilicho karibu na mlango wa rubani. Akasema hivyo ni vya daraja la juu. Nikaomba kilicho karibu na wenye daraja la juu, huenda wao wanasikika. Chungu cha Wakisi nilichomnunulia mwenye sherehe, kikubwa, cha mnada wa Lyulilo, alisema kitapimwa. Nikamwambia kitapakatwa.

Jioni nikampigia mwanangu wa Minneapolis. Akasikiliza yote, Shannon, Gander, penseli, kisha akapumua.

"Mama Mkubwa, kutoka New York mpaka kwangu kwa barabara ni kilomita kama 1,900. Bado utapanda ndege nyingine."

Nikapiga hesabu. Ni kama Dar mpaka Kapiri Mposhi, reli nzima ya TAZARA.

"Basi halipo?"

"Lipo. Siku nzima na usiku wake, na zaidi. Hakuna anayelipanda."

"Dereva wake anasikia?"

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. Akasema watu wa kule hukaa kimya safari nzima, hakuna anayemwambia dereva apunguze mwendo, si desturi yao.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitaanza mimi.