Sifa za Kitochi Kisicho na Mtetezi

Nashika kalamu kukisifu kitochi changu. Sisemi kitochi cha kawaida, kile cha kupiga na kupokea, maana hicho kimeshasifiwa na kila bibi wa Afrika Mashariki na hakihitaji wakili. Ninayemtetea ni ndugu yake wa kambo, msomi wa ukoo: simu ya vitufe yenye intaneti, inayoendeshwa na mfumo wa KaiOS, iliyowahi kubeba WhatsApp, YouTube na ramani ndani ya kioo kisichozidi inchi mbili na nusu. Wenye simu za kupangusa wanaicheka. Wenye vitochi halisi wanasema inajidai. Kitu kinachodharauliwa na pande zote mbili hakikosi fadhila, na kwa kuwa hakuna aliyejitolea kuzitaja, kazi hiyo nimejipa mwenyewe, hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, ambako muda wa kazi kama hizi tunao.

Sifa njema huanza na nasaba. Kitochi hiki ni mjukuu wa Mozilla, wale wenye Firefox. Mwaka 2013 walitoa mfumo wa simu ulioitwa Firefox OS, wakatangaza kwamba ni wa watu ambao simu za gharama hazitawafikia kamwe. Desemba 2015 wakasema basi, simu hatuendelei nazo. Mtoto akabaki bila mzazi. Watu wa KaiOS wakamwokota, wakambadilisha jina, wakamvisha vitufe, na maisha yakamnyookea kwa muda: India, kampuni ya Jio ilimwingiza sokoni 2017 na akauzwa kwa zaidi ya milioni 100, mwaka 2018 Google ikamwekea dola milioni 22, mwaka 2019 Vodacom Tanzania ikamleta kwetu kwa jina la Smart Kitochi. Ndugu zake wengine walibahatika zaidi, walipelekwa kwenye televisheni za Panasonic, wakakaa sebuleni kwa watu.

Mkaazi wa Dzaleka akisikia habari hii haulizi mwisho wake. Unazaliwa mahali, wenye mahali wanaamua pasiwepo tena, unaokotwa, unapewa karatasi mpya, ndugu zako wanapata nchi ya tatu, wewe unabaki. Hata njia iliyonifikishia simu hii ni ileile yetu: Kigoma, Kasumulu, Karonga, kisha huku Dowa. Na ilipofika haikuhitaji kuelekezwa mazingira. Kambi hii ilikuwa gereza enzi za Kamuzu Banda, ikageuzwa kambi mwaka 1994, ikapangwa kubeba watu 10,000 hadi 12,000, na leo tumepita 50,000. Simu yenye megabaiti 256 za kumbukumbu, ilipoombwa kufungua ramani huku WhatsApp iko wazi, ilifanya kama kambi inavyofanya wageni wakiongezeka: ilikaa kimya kidogo, ikamtoa mmoja ili mwingine apate nafasi, na haikumwomba mtu radhi.

Sasa nije kwenye fadhila zake. Ya kwanza ni malezi. Kitochi hiki kimenifundisha adabu ambayo wazazi wangu walishindwa kunipa. Jaribu kuandika "habari". Bonyeza 4 mara mbili, umepata h. Bonyeza 2, umepata a. Herufi inayofuata ni b, nayo inakaa kwenye 2 hiyohiyo, kwa hiyo unangoja. Usipongoja, a yako inageuka c na salamu imeharibika. Kioo kikitulia unabonyeza 2 mara mbili, unangoja tena, kisha 2 kwa a ya pili. Halafu 7 mara tatu, 4 mara tatu. Salamu moja, mibonyezo 12 na vituo viwili, na bado hujamuuliza mtu hali. Neno "hasira" linataka mibonyezo 14. Watu wenye simu za kupangusa wanatukanana kwa sekunde. Mimi nikifika kwenye s nimeshasahau aliyenikosea alisema nini.

Fadhila hii ina gharama yake, sikatai. Katika kikundi chetu cha WhatsApp cha kuchangia misiba, siku moja palizuka hoja kwamba kila mtu aongeze kwacha 5,000 juu ya mchango wa kawaida. Nilikuwa na pingamizi zuri lenye sababu tatu. Nilikuwa ninaikaribia sababu ya pili kikao kilipofungwa, na katibu akaandika kwamba wasiosema kitu wamekubali. Nililipa. Lakini marehemu alizikwa vizuri, na jina langu likasomwa miongoni mwa waungwana. Simu gani nyingine inayoweza kumpa bwana wake heshima ambayo hakuikusudia?

Fadhila ya pili ni kamera yake, ya megapikseli 2. Picha ikipigwa mchana wa Septemba, vumbi la Dzaleka na udhaifu wa lenzi vinashirikiana, na mtu mnene aliyeshiba anatoka amekonda, amefifia, macho yameingia ndani. Nilimtumia yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliyeko Kanada, picha ya watoto wakiwa na afya zao kamili. Alipiga simu akilia. Pesa iliingia siku iliyofuata. Tangu hapo picha za familia napiga mimi, na shemeji yangu mwenye kamera tatu mgongoni mwa simu yake nimemwomba kwa heshima asijisumbue.

Kuhusu usalama, chukueni safari ya Lilongwe. Ni kilomita 40 na ushei tu, lakini kwa mkimbizi ni mbali kuliko hesabu hiyo. Sheria inatutaka tukae kambini, na mwaka 2023, kuanzia Mei, waliokuwa na maduka na nyumba mjini walikusanywa wakarudishwa Dzaleka, wengine wakiacha bidhaa kwenye rafu. Kwa hiyo anayekwenda mjini anakwenda na kibali chake mfukoni na roho mkononi. Ndani ya minibasi abiria wote wanabana simu kifuani. Changu kinachungulia mfuko wa nyuma kwa utulivu. Pale stendi ya Old Town, vijana wenye vidole vyepesi wanakitazama, wanamtazama mwenye nacho, na wanaelekea kwa mwingine. Sijawahi kulindwa hivyo na serikali yoyote kati ya zile nilizoishi chini yake.

Ilikuwa Devil Street, humohumo Lilongwe, kwenye meza za mafundi, nilipokipeleka kitochi kutibiwa betri. Fundi alifungua kifuniko kwa ukucha, bila bisibisi, bila kuchemsha gundi kama wanavyofanya kwa simu za wakubwa. Betri alishaitilia shaka kwa kuitazama, lakini akafuata taratibu: akailaza juu ya kioo cha meza, akaisukuma pembeni kwa kidole. Betri nzima ukiisukuma inakwama, maana imelala bapa. Yangu ilizunguka mara kadhaa, taratibu, tumbo limejaa. Watu wa meza za jirani waliacha kazi kuitazama. "Pepani, achimwene," akaniambia. "Palibe." Pole ndugu, hamna. Kisha akanionyesha itel na Tecno zilizopangwa mstari, akanitajia bei, na mimi nikajifanya sijasikia Kichewa. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi iliporomosha kwacha kwa asilimia 44, na tangu siku hiyo mimi na simu mpya tunasalimiana kwa mbali.

Fundi alinihurumia. Akachokora kopo la makorokoro, akatoa betri ya simu nyingine kabisa, fupi kidogo, akaikaza kwa kipande cha boksi la sigara kilichokunjwa mara mbili. Kikawaka. Mnisikilize hapa wenye simu za laki: nani kwenu amepandikizwa kiungo cha mtu asiyemjua, bila jina, bila daktari, akaamka anadai PIN? Na betri hiyo ya kupandikizwa inakaa siku mbili, tatu nikiacha intaneti. Jambo hilo si dogo katika nchi hii. Januari 2022 kimbunga Ana kilipobomoa bwawa la Kapichira, mitambo yake ilikaa zaidi ya mwaka bila kufua umeme, na mgao ukawa desturi. Wenye simu kubwa walikuwa wakipanga foleni kwenye vibanda vya kuchajia. Sisi tulikuwa tukipita na tochi zetu, tukiwamulikia ili wasijikwae.

Ushindi wake mkubwa, hata hivyo, ni hotspot. Kitochi kinanasa 4G na kinaweza kuigawa. Jioni kijana wa jirani, mwenye simu pana kama sinia na kioo chenye ufa, anabisha hodi: "Papa, nisaidie kidogo, bando limeniishia." Ninamwambia aketi. Ninachukua muda kutafuta sehemu ya kuwashia, si kwa sababu siijui, bali kwa sababu heshima kama hii haiji kila siku. Simu yake ya maana inakunywa kutoka kwenye chombo alichokicheka mchana, na kwa nusu saa nzima ananiita mzee.

Pesa nazo hazikibagui. *211# kwa Airtel Money, *444# kwa Mpamba ya TNM, menyu inafunguka bila bando, na wakala wa kibanda chekundu au cha kijani hana habari kama namba ilibonyezwa kwenye dhahabu au plastiki. Huo ndio usawa wa pekee ninaoweza kuuapia humu kambini.

Wapinzani wangu watauliza: na WhatsApp je? Najua. Juni 2024 iliondolewa kwenye duka la KaiOS, asiyekuwa nayo asiipate tena, na sisi tuliokuwa nayo tukaambiwa itatufikisha mwanzoni mwa 2025. Miezi hiyohiyo ya mwanzo wa 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi, na watu hapa ambao masanduku yao yalikuwa yameshafungwa wakayafungua tena. Kitochi na bwana wake walipata barua zao msimu mmoja, na hakuna kati yetu aliyeelezwa alikosea nini. Hata katika hilo naona fadhila. Zile sauti zinazosambazwa usiku, kwamba orodha mpya imetoka, kwamba kuna mtu wa kumpa kitu kidogo ili jina lako lisogee, mimi hazinifikii. Nazipata asubuhi kisimani, zikiwa zimeshakanushwa. Nalala usingizi wa mtu asiye na matumaini ya ziada.

Kuna mahali pamoja tu ambapo kitochi hakina la kusema, nami nisingekuwa msifu mwaminifu nikipaficha. Ni kwenye fomu. Dzaleka si kambi ya watu wasiojua kompyuta. Tangu 2010 vijana wamesoma kozi za chuo kwa intaneti hapahapa kupitia Wajesuiti, na Tumaini Festival, iliyoanzishwa 2014 na mshairi Menes la Plume, imeleta wageni wa mataifa mengi kuona tunachokiweza. Lakini ufadhili, mafunzo, kazi ndogo za kulipwa, siku hizi vyote vinakuja na kiungo cha kubonyeza. Ninakibonyeza. Ukurasa unajikusanya kipande kwa kipande, nauona upande wa kushoto wa swali bila upande wa kulia, kishale kinapanda na kushuka badala ya kidole, kisha naombwa nipakie cheti chenye muhuri unaosomeka, kwa kamera ileile iliyomliza yaya wangu. Kumbukumbu inajaa. Fomu inajifunga. Tarehe ya mwisho inapita, na ripoti inaandikwa kwamba waombaji kutoka kambini walikuwa wachache.

Basi ninyi mnaotengeneza fomu kwa ajili yetu, mlioko Lilongwe, Geneva au kokote: kabla ya kuituma, azimeni kitochi, muijaze ninyi wenyewe kwa kidole gumba hadi kitufe cha mwisho. Ikiwashinda, wekeni namba ya SMS. Tutajibu.