Mazabodi Haipandi Treni Mara Mbili

Hatua ya kwanza ya kuunda kompyuta ya mezani hapa Kigoma ni kufunga pochi. Ifunge kabisa. Kutoka Dar es Salaam mpaka hapa reli ina kilomita zipatazo 1,250, na mazabodi iliyokosewa haina miguu ya kurudi Kariakoo. Mtu wa Dar akikosea, anapanda daladala na kubadilishiwa siku hiyo hiyo. Wewe wa Ujiji utaanza kumbembeleza muuzaji kwa simu, utalipa nauli ya mzigo kwenda na kurudi, na huku wadogo zako wanauliza kila jioni kama imewaka.

Hatua ya pili ni kujifunza kwa Liemba. Mwaka 1913, kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli ya Ziwa Tanganyika iliyoitwa Graf von Götzen. Mafundi waliifunga kwa bolti tu, wakahakikisha kila bamba limekaa mahali pake, kisha wakaifungua yote na kuipakia katika maboksi yapatayo 5,000. Yakavuka bahari hadi Dar, yakapanda treni, na hapa Kigoma meli ikapigwa ribiti na kushushwa majini Februari 1915. Ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Nawapenda wale mafundi wa Papenburg kwa jambo moja: waliona meli imekamilika kabla boksi la kwanza halijaondoka kiwandani.

Basi nawe mwambie muuzaji aziunganishe mazabodi, prosesa, RAM na pawasaplai juu ya meza ya duka, aziwashe, akutumie video inayoonyesha prosesa na RAM zikisomeka kwenye bayosi. Akisema, "Inaingia hiyo, bosi, usihofu," mjibu kwa upole kwamba hukuuliza kama inaingia. Kuna soketi ya Intel iitwayo LGA1151. Prosesa za kizazi cha sita na cha saba zinakaa humo. Za kizazi cha nane na cha tisa nazo zinakaa humo humo, kwa umbo lile lile. Lakini mazabodi ya H110 haikuundwa kuwasha prosesa ya kizazi cha nane, wala ya H310 haiwashi ya kizazi cha sita. Itatulia kitako, feni huenda ikazunguka, na kioo kitabaki cheusi kama ziwa usiku wa dagaa kukosekana.

Kwa AMD mambo ni mepesi kidogo: AM4 inatumia DDR4, AM5 inatumia DDR5 tu. Ila mazabodi ya AM4 iliyokaa dukani tangu zamani huenda ikahitaji bayosi mpya ndipo iitambue Ryzen ya mfululizo wa 5000. Muuzaji aisasishe yeye, kwake, kabla ya kufunga boksi.

RAM ishike mkononi uitazame. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288 na urefu mmoja. Kinachozitenga ni kipengo kidogo kwenye ukingo wa pini, ambacho kimesogea kidogo. Ukijikuta unabonyeza kwa goti, hiyo si RAM ya mazabodi yako. Na ukinunua prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, mfano 12400F, ujue haina picha ndani yake: bila kadi ya picha, hata bayosi hutaiona.

Mafuta ya mawese yabaki kwenye maharage. Kati ya prosesa na kipozeo hupakwa losheni ya kupitisha joto, tone dogo kama punje ya kunde, na kipozeo kizito hufungwa hapa Kigoma, kisisafiri kikiwa kinaning'inia kwenye mazabodi.

Pawasaplai ndiyo watu huibania hela, na hapo ndipo roho inaniuma. RTX 3060 peke yake inakula hadi wati 170, na Nvidia wanashauri pawasaplai ya wati 550. Wengi hutegemea ile iliyokuja na Dell OptiPlex ya mtumba, wakati nyingi kati ya hizo zina plagi ya kampuni yenyewe badala ya ile ya kawaida ya pini 24. Pawasaplai za zamani nazo zina swichi nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 115, usiguse soketi ya ukutani. Utasikia mlipuko na kunusa harufu.

Kigoma iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla gridi ya taifa haijaanza kufika mkoani mwaka 2022. Umeme bado unaweza kukatika na kurudi kwa kishindo. Kwa hiyo kama pesa inatosha kununua kimoja kati ya UPS na kioo kikubwa zaidi, nunua UPS, na kioo azima kwa shemeji.