Dhamira Ipo, Simu Haipatikani

Uyole, jijini Mbeya, si mahali pa kupotea. Barabara kuu iendayo Tunduma inakutana pale na ile ya Tukuyu inayoshuka hadi Kasumulu, mpakani na Malawi, na konda hukutajia kituo kabla hujauliza. Anayepotea ni yule aliyetangulia kufungua tovuti ya gesti.

Tuseme gesti yenyewe ni ya kubuni; mwenye nayo atajijua. Ukurasa wa mbele una picha ya tembo, mnyama ambaye wauza viazi wa Uyole hawajawahi kupishana naye sokoni. Dira ipo, dhamira ipo, maadili ya msingi yapo saba. Bei? “Wasiliana nasi.” Simu? Haipatikani kwa sasa.

Mapokezi hufunguliwa “saa 2:00”. Asubuhi, usiku, au ya Kizungu? Mgeni ataamua mwenyewe.

Tovuti inaapa kuwa gesti iko “jirani na Uwanja wa Ndege wa Songwe”. Uwanja huo, ulioanza kazi Desemba 2012, uko upande wa pili wa jiji, huko Mbalizi. Na mgeni asije akautafuta katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016: uwanja ulibaki Mbeya.

Hapo hapo Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kilitoa mbegu ya maharage iitwayo Uyole 96. Katika jina hilo mahali pamo, mwaka umo. Na hiyo ni punje ya maharage, haina hata bando.