Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mjenga Uwezo

Tunda, Kibombo, jimbo la Maniema

Kwa: Mheshimiwa Mwandaaji Mkuu wa Semina za Kujenga Uwezo, popote semina inapofanyika kwa sasa
Nakala kwa taarifa: wafadhili wote, msimamizi wa ukumbi, mpiga picha
Kuhusu: Shukrani, pamoja na mwaliko

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, sisi wafanyakazi wa jamii wa Tunda tunakuandikia kukushukuru. Umetujenga uwezo mwaka hadi mwaka, na kama uwezo ungekuwa matofali, leo Tunda ingekuwa na ghorofa. Vyeti vyako tumevitunza vizuri kuliko madaftari ya kesi, kwa sababu vyeti ulitupa ndani ya bahasha ya plastiki, na ya madaftari bado hujatupa. Kofia tunazo, fulana tunazo, mifuko ya begani yenye nembo za wafadhili tunayo. Mmoja wetu akipita sokoni amevaa zawadi zako zote, akina mama wauza mpunga humsoma kuanzia utosini hadi kiunoni, kisha humwuliza: "Asista, yule mtoto umemfikisha wapi?" Swali hilo halimo katika mitihani yako, ndiyo maana huwa hatuna jibu lake.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajabahatika kualikwa, turuhusu tueleze neema hii ilivyo. Semina hufanyika Kindu, maana Kindu ndiko kwenye uwanja wa ndege, na mkufunzi aliyetoka Kinshasa sharti alale penye feni. Asubuhi ya kwanza ni ya hotuba. Baada ya hotuba, kila mshiriki huandika matarajio yake kwenye kikaratasi cha rangi na kukibandika ukutani. Matarajio ya kweli, yaani perdiem na nauli, hayaandikwi, lakini ndiyo pekee yanayofuatiliwa kwa makini mpaka siku ya mwisho. Kisha tunachagua "chifu wa kijiji", ambaye kazi yake ni kupiga kengele na kuwatoza faini wanaochelewa kurudi kutoka kwenye kahawa. Machifu wa vijiji vyetu halisi, wale ambao neno lao huamua nani aozwe na nani afukuzwe, hawaalikwi, kwa kuwa nafasi ya chifu imeshajazwa.

Kuna mtihani wa kabla na mtihani wa baada. Maswali ni yaleyale. Siku ya kwanza tunafeli, siku ya mwisho tunafaulu, na katikati majibu yamebandikwa ukutani. Tofauti ya alama hizo hupanda ndege kwenda kwa mfadhili, naye hufurahi kuona kwamba Maniema inasonga mbele. Mwishoni tunapiga picha ya familia. Na ni familia kweli, Mheshimiwa: sura ni zilezile kila mara, na zimo ambazo hazijawahi kushika kesi hata moja, ila zina shemeji anayeandika orodha ya waalikwa.

Usituelewe vibaya. Hatuchukii kujifunza. Kazi yetu ni ya sheria, na sheria za nchi hii hazitulii mahali pamoja. Katiba ya Februari 2006, ibara ya 41, ilikataza kumtelekeza mtoto, kumtesa na kumshutumu uchawi. Julai mwaka huohuo zikaja sheria mbili za ukatili wa kingono: upelelezi usizidi mwezi 1, kesi na hukumu visizidi miezi 3, na mwendesha mashtaka au hakimu aite daktari na mwanasaikolojia. Tarehe 10 Januari 2009 ikaja sheria ya ulinzi wa mtoto. Hiyo ilianzisha mahakama za watoto na kutuweka sisi katikati, tuchunguze hali ya familia na tumshughulikie mtoto anayepaswa kuhamishiwa mahali salama. Sheria hiyohiyo humpeleka gerezani kwa mwaka 1 hadi 3 mtu anayemshutumu mtoto uchawi. Mwaka 2016 Sheria ya Familia ikarekebishwa, na Desemba 2022 ikapatikana sheria ya fidia kwa waathirika wa ukatili wa kingono wa vitani. Mfanyakazi wa jamii aliyesomea kazi hii zamani za Zaire hakufundishwa hata moja kati ya hizo. Akinyimwa mafunzo, atawahudumia watu wa leo kwa sheria za Mobutu.

Kwa hiyo hatuna ugomvi na somo. Tatizo ni kwamba somo likifika Kindu, huchoka, likakaa hukohuko.

Tukupe mfano wa kesi ambayo mtu yeyote wa kazi hii ataitambua. Baba amekufa. Baba mdogo anasema aliyemla kwa uchawi ni mtoto wa marehemu, na mhubiri mmoja amethibitisha. Sheria ya 2009 iko wazi: baba mdogo ametenda kosa. Lakini baba mdogo huyo ndiye anayelisha nyumba nzima kwa sasa, mjane na watoto wote wakiwemo. Akifungwa, ukoo hautasema kwamba sheria imefanya kazi. Utasema uchawi umethibitika: mtoto alianza na baba, sasa amemla na baba mdogo. Mfanyakazi wa jamii afanye nini kesho asubuhi? Azungumze na nani kwanza, mjane, chifu au mhubiri? Mtoto alale wapi usiku wa leo, na kwa chakula cha nani?

Hapo ndipo tunapohitaji kufundishwa. Na hapo ndipo mkufunzi hutazama saa na kusema, "Swali zuri sana, tuliweke kwenye frigo." Tunalijua frigo hilo: ni ile karatasi kubwa iliyo karibu na mlango, yanakohifadhiwa maswali ya kujibiwa baadaye. Maswali yote ya Tunda yamo humo. Halijawahi kufunguliwa, na tunakupongeza, kwa kuwa ndilo frigo pekee Maniema lisilokatikiwa umeme.

Tuliwahi pia kufundishwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kwa kufuata mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani na washirika wake waliutoa mwaka 2011. Mafunzo yake yanabebwa na maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Ni mafunzo mazuri. Kuangalia tunaangalia, maana macho ni yetu. Kusikiliza tunasikiliza, na hatuhitaji bajeti. Kuunganisha ndiko kunakotushinda, Mheshimiwa. Tumuunganishe mtu na nani? Binti aliyebakwa ana saa 72 tu za kuanza dawa za kuzuia VVU, na saa 120 za dawa ya dharura ya kuzuia mimba. Tunda tuna hospitali, tunamshukuru Mungu na Wamethodisti. Lakini siku dawa zikiwa zimeisha, dawa nyingine ziko Kibombo au Kindu, na kati yetu na huko kuna pikipiki, matope, na swali la nani anunue mafuta. Daktari anayetakiwa na sheria tutamwomba hospitalini. Mwanasaikolojia tumemwona zaidi kwenye slaidi zako. Wakati sisi tunatafuta lita za mafuta, wazee wa pande mbili wameshakaa kwenye barza, yaani kikao cha kupatanisha, na mbuzi wa kumaliza kesi ameshatajwa. Saa 72 hazisubiri semina ya robo ijayo.

Tena, wapo wengi katika kazi za Serikali wasio na matrikule, yaani namba ya utumishi. Hilo ni la nchi nzima, na hatukulaumu wewe. Mtu anaamka, anafanya kazi ya umma, na jina lake halimo kwenye orodha ya mishahara. Huyu anaishi kwa Kifungu cha 15, kile ambacho kila Mkongomani anakijua bila semina: jidebruye, yaani jitafutie mwenyewe. Ukimwita Kindu atakuja mbio, tena hata kama mada ni ufugaji wa mamba, kwa sababu perdiem yako ndiyo mshahara wake. Usimhesabu kati ya wenye kiu ya elimu.

Tumesikia habari za wenzetu wa mbali. Uingereza kuna chombo kinachoitwa Social Work England, kilichoanza kazi Desemba 2019. Mfanyakazi wa jamii wa huko, kila anapohuisha usajili wake wa mwaka, lazima awe ameandika angalau mara mbili jambo alilojifunza na jinsi lilivyobadilisha kazi yake, na moja kati ya hayo awe amelijadili na mwenzake. Tulisoma tukasubiri kufika mahali palipotajwa hoteli. Hapakutajwa. Kofia haikutajwa. Mtu anakaa na mwenzake, wanaichambua kesi, anaandika. Tunajua Tunda si London, na hatuombi usajili wa wazungu. Tunashangaa tu kwamba jambo ambalo matajiri wanalifanya kwa daftari na kalamu, maskini wanaambiwa haliwezekani bila ukumbi.

Baada ya kutafakari hayo yote, tumeamua kukulipa fadhila. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunayo heshima kukualika kwenye semina ya kujenga uwezo wako wewe, itakayofanyika hapa Tunda. Ratiba ni hii:

Siku ya kwanza: Njia. Mshiriki atatoka Kindu kwa pikipiki. Asubuhi kuna mada ya daraja la magogo, na mchana mada ya daraja lililokuwapo. Treni ya kupitia Kibombo inaruhusiwa kwa mshiriki asiye na haraka ya kufika mwaka huu.

Siku ya pili: Saa 72. Hii ni kazi ya vikundi. Mshiriki atapewa simu isiyo na krediti na pikipiki yenye tangi tupu, atafute dawa. Muda ukimwishia, wenzake watampigia makofi ya kumtia moyo, yale yenye mdundo uliotufundisha.

Siku ya tatu: Barza. Mshiriki atakaa na chifu wa kijiji, safari hii aliye chifu kweli, pamoja na baba mdogo, mjane na mhubiri, mpaka wapatane mtoto alale wapi. Kengele haitapigwa. Kahawa haitakuwapo. Frigo pia halitakuwapo. Kila swali litajibiwa siku hiyohiyo, kwa kuwa mtoto amesimama hapo mlangoni.

Siku ya nne: Mtihani. Wa kabla tumeufuta, maana alama zako tunazijua. Wa baada una swali moja tu, lile la akina mama wa sokoni.

Kuhusu masharti: chakula ni wali na sombe, na malazi ni nyumbani kwa mmoja wetu. Nauli itarudishwa baada ya mshiriki kuwasilisha risiti halisi yenye muhuri, iliyotolewa na mwendesha pikipiki. Kanuni hiyo ni yako mwenyewe. Hatukubadilisha hata herufi.

Ikiwa majukumu hayatakuruhusu kuja, basi kuna njia ya mkato, nayo ni nafuu kuliko kukodi ukumbi. Tutumie mtu mmoja mzoefu wa kazi hii, aje Tunda kila baada ya miezi michache. Asije na slaidi. Asome madaftari yetu, aende nasi kwenye kesi ngumu, aone tunavyoongea na mjane, na jioni atuambie tulipokosea. Tupe siku moja kwa mwezi ya kukaa na wenzetu wa Kibombo na Samba, ana kwa ana au kwa simu pale mtandao unaposhika, tuchambue kesi moja moja. Sheria mpya ikitoka, tuletee kwa Kiswahili, kurasa chache, yenye kueleza la kufanya wiki ya kwanza. Tuandikie orodha ya watu wa kuunganishwa nao, yenye namba za simu zinazoita, na kando yake fungu la mafuta. Mwito wa semina ukibaki kuwa lazima, aalikwe mwenye daftari la kesi. Asiye nalo abaki nyumbani na shemeji yake. Na miezi sita ikipita, usituulize tulipata alama ngapi. Uliza watoto wangapi wamerudi kulala kwao, na nani amekwenda kuhakikisha.

Tunajua maombi haya yana kasoro moja kubwa: hayapigiki picha. Mtu mmoja aliyekaa kwenye kigoda na mwenzake, wakibishana juu ya daftari lililolowa mvua, hatafaa kwa jalada la ripoti. Mfadhili atauliza bango liko wapi. Ukibanwa sana, tutakukopesha moja. Mabango yako tunayo mengi, na kwa sasa yanaziba paa.

Tafadhali pokea, Mheshimiwa, salamu zetu za heshima. Haki, Amani, Kazi: Kazi tunayo tayari, hizo mbili nyingine tutashukuru zikifika.

Wafanyakazi wa jamii wa Tunda

(Wenye matrikule wametia sahihi kwa wino. Wasio nayo wametia kwa kalamu ya risasi, ili wasikusumbue siku utakapotaka kusema hawapo.)