Handaki Linaloitwa Kicheko

Dada yangu anaishi Uingereza, na mgeni akifika kwake sharti apelekwe kutazama majumba ya makabaila. Zamu yangu iliangukia Stowe, huko Buckinghamshire, ulikokaa ukoo wa Temple. Kwa Kiingereza jina hilo ni hekalu, nao wakalichukulia kwa uzito: bustani nzima wakaijaza mahekalu ya mawe yasiyo na waumini.

Mimi mtoto wa wafugaji wa Singida, mahekalu hayakunishika. Jicho langu lilitua kwa kondoo. Walikuwa ng'ambo ya majani yaliyofyekwa kama zulia. Hapana ua, hapana mchungaji, na hakuna hata mmoja aliyevuka kuja kula maua. Nikasema hawa lazima nipige nao picha, mama aone mifugo yenye adabu.

"Shemeji, angalia mbele!" mume wa dada akaita. Niliangalia mbele kweli, kwenye simu. Hatua iliyofuata haikukuta ardhi.

Nikajikuta nimekaa kitako ndani ya handaki, mgongo kwenye ukuta wa mawe, kiatu kimoja kimebaki juu. Kondoo wakanitazama huku wakitafuna. Shemeji akachungulia.

"Hiyo inaitwa ha-ha."

Nikamwambia kucheka atacheka baadaye, kwanza anitoe.

Kumbe ndilo jina lake hasa. Upande wa nyumba hujengwa ukuta wima, upande wa malisho huachwa mteremko. Bwana akiwa dirishani anaona majani mpaka upeo wa macho, na mifugo haipandi. Mbunifu wa bustani Charles Bridgeman aliuleta ujanja huo Stowe karne ya 18. Mwaka 1741 akaingia mtunza bustani Lancelot Brown, akachimbisha bonde zima ili lionekane halikuchimbwa na mtu.

Nilipata faraja niliposikia yaliyomkuta mwenye nyumba. Duke wa pili wa Buckingham naye alitazama mbali akasahau miguu: madeni yakammeza, na mwaka 1848 mali za nyumba zikapigwa mnada kwa siku 40.

Jioni nikampigia mama, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo wamechimba shimo ili ua usionekane?"

"Ndiyo, mama."

Akanyamaza kidogo. "Sisi wetu ni wa minyaa, baba. Mgeni anauona."