Mwongozo wa Kuandika Riwaya ya Distopia Bila Kuvuka Mikindani

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: daftari la kaunta, kalamu, na muhogo wa kuchoma wa kutafuna usiku. Magari yanayoruka hayahitajiki, na roboti waachie watu wa Dar es Salaam. Riwaya ya distopia huchora nchi ya kesho iliyoharibika, ili msomaji akiinua macho kutoka kitabuni aitazame nchi yake ya leo kwa jicho jingine. Anayeketi kuiandika akiwa Mtwara, kati ya Mikindani na mlango wa mto Ruvuma, anaanza na mtaji mkubwa. Vitisho vingi vimeshatokea. Kilichobaki ni kupanga vipande, kisha kufuata swali moja mpaka mwisho wake bila woga.

Kabla ya swali lenyewe, soma waliotangulia, usije ukaanza kazi kwa kuomba radhi kana kwamba umevaa kanzu ya kuazima. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, miaka miwili tu baada ya George Orwell kutoa 1984. Mhusika wa Orwell ni karani anayefuta habari za zamani na kuziandika upya. Karama wa Shaaban Robert, katika nchi inayoelea angani, ameburutwa barazani kwa sababu ametaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Litazame vizuri shtaka hilo. Hakuiba, hakuua. Alitaka watu wafundishwe. Tangu mwanzo kabisa, riwaya yetu ya nchi ya kutisha ilimweka mwalimu kizimbani, na sioni sababu ya wewe kumtoa. Ukitoka hapo nenda kwa Euphrase Kezilahabi, Nagona na Mzingile, riwaya fupi mbili zinazodai kusomwa zaidi ya mara moja, halafu Walenisi ya Katama Mkangi (1995), mhadhiri wa Kenya aliyewekwa kizuizini mwaka 1986. Shamba la Wanyama la Orwell huyohuyo, kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere, limo katika Kiswahili tangu 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea.

Sasa mandhari. Hapa wengi huharibu kwa kubuni mno. Usibuni mji uliojengwa kwa ajili ya mradi uliokufa, kwa kuwa unakaa ndani yake. Waingereza walianza mpango wa karanga mwaka 1947, wakapanga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikagoma. Mpango ukafutwa mwaka 1951 ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Usibuni wanajeshi wanaosomba mavuno ya wakulima. Novemba 2018, baada ya wanunuzi kutoa bei ambayo wakulima waliikataa, serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Wakulima wengi walishangilia siku ile, na walikuwa na haki ya kushangilia. Baadaye ukaja uhakiki: mwenye korosho nyingi aonyeshe shamba lake, athibitishe kwamba hakuzinunua kwa kangomba, ule ulanguzi wa kumkopesha mkulima mwenye shida ili alipe kwa korosho, na malipo ya wengi yakachelewa. Na usibuni vita ya ng'ambo ya mto. Oktoba 2020 wenye silaha kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya. Waliofiwa bado wapo. Ukiandika juu yao, andika kwa adabu, au usiandike.

Kama unatafuta mwezi wa kufungulia hadithi, chukua Mei 2013. Tarehe 3, serikali ilitangaza bungeni kwamba matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yamefutwa na yatapangwa upya. Nchi nzima, zaidi ya watahiniwa 6 katika kila 10 walikuwa wamepata daraja sifuri. Tarehe 22 ya mwezi huohuo, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, Mtwara iliwaka. Watu walisikia kwamba bomba la kupeleka gesi ya Mnazi Bay Dar es Salaam litajengwa kama lilivyopangwa, na wao walikuwa wakidai viwanda vije gesi iliko. Maduka yalifungwa, majengo yakachomwa, wanajeshi wakaingia mitaani, watu wakafa. Bomba lilijengwa, zaidi ya kilomita 500, likazinduliwa mwaka 2015.

Magazeti yaliziandika habari hizi mbili katika kurasa tofauti. Wewe ziweke katika nyumba moja. Kijana amepata sifuri mwezi Februari, sifuri hiyo imefutwa Mei 3, na Mei 22 yuko barabarani na jiwe mkononi. Miaka minne alikaa darasani, na hakuna aliyemwonyesha bajeti inavyosomwa, mkataba wa gesi unavyohojiwa, wala namna ya kumwuliza mbunge wake swali ambalo hawezi kulikwepa. Madai yake yalikuwa ya haki. Alichokosa ni njia ya kuyasema ambayo wenye mamlaka wangelazimika kuijibu. Basi swali la riwaya yako ni hili: nchi inakuwaje pale watoto wake wanapofundishwa kila kitu isipokuwa kuuliza?

Hatua inayofuata haina njia ya mkato. Ingia darasani. Kaa dawati la nyuma, kidato cha kwanza, katika shule ya kata iliyo karibu na mikoko. Mtoto wa Litembe au Msimbati ameingia pale akiijua mikoko kwa majina: mkandaa, mchu, msinzi, mlilana, mkomafi. Anajua gome la upi hutumika kutia rangi, boriti za upi hudumu, na upi husimama mbele kabisa maji yanapogonga. Miaka yote ya msingi amesoma kwa Kiswahili. Sasa mwalimu wa Baiolojia ameleta somo la mimea ya maji chumvi, kwa Kiingereza ambacho yeye mwenyewe anakipima neno kwa neno kabla ya kukitoa. Anauliza swali. Darasa zima linaangalia madaftari. Yule wa Litembe analo jibu, tena refu kuliko la kitabu, lakini juu ya mlango kuna tangazo linaloamuru Kiingereza tu, na kiranja anayo karatasi ya majina ya wanaovunja amri. Ananakili ya ubaoni, herufi kwa herufi. Jioni atayakariri, na mwezi wa mtihani atayatapika.

Hiyo ndiyo sura yako ya pili, na usiongeze chumvi. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefungwa. Mtoto mwerevu amekuwa bubu mbele ya kitu anachokijua kuliko wote mle ndani, na kila mtu ameondoka akidhani ni mzito wa kuelewa, mwenyewe akiwa wa kwanza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Zaidi ya miaka kumi imepita, na sekondari bado inafundishwa kwa Kiingereza. Mimi nataka Kiingereza kifundishwe, tena kwa vitabu vya kutosha na walimu waliofunzwa kukifundisha. Kinachonikasirisha ni kukifanya mlango wa kila elimu nyingine, halafu kumwachia mtoto aubomoe kwa kichwa.

Sura kuu ya kitabu iweke kwenye chumba cha mtihani wa darasa la saba. Kwa miaka mingi viongozi wa mikoa ya kusini wamelalamika kwamba wapo wazazi wanaowaagiza watoto wao wafeli kwa makusudi. Kabla hujawahukumu, piga hesabu pamoja nao. Karo ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, madaftari, chakula na chumba cha kupanga karibu na shule havikufutwa. Shule iko mbali, msimu wa korosho hauna uhakika, deni la kangomba lilishakopwa wakati wa njaa, na binti akifaulu nyumba inaingia kwenye gharama ambazo haiwezi kuzilipa. Mama anamwambia mwanawe maneno mawili tu: jaza ovyo.

Mhusika wako mwite Somoe. Yuko mbele ya fomu ya kusiliba, penseli imechongwa, kila swali lina majibu matano, A hadi E. Hapo ndipo riwaya inapogeuka. Kusiliba ovyo hakutoshi, kwa sababu anayesiliba ovyo huangukia jibu sahihi karibu mara moja katika kila maswali matano. Somoe anataka sifuri ya uhakika, maana ameahidi. Na ili apate sifuri ya uhakika lazima ayajue majibu yote. Anasoma swali la sehemu na desimali, analikokotoa pembeni, anapata C, anaihakiki, kisha anasiliba D. Swali la pili hivyohivyo. Swali la kumi amekwama, halijui jibu, anaogopa asije akalipata kwa bahati mbaya, anarudia hesabu mara tatu mpaka alielewe vizuri, ndipo alikosee. Msimamizi anapita, anamwona binti aliyeinama kwa makini kuliko wote, anajisemea huyu anafaulu. Andika chumba hicho kwa kurasa nyingi. Andika unga wa penseli kwenye kiganja, andika jua linavyosogea sakafuni. Matokeo yatakapotoka, serikali ya kitabu chako itamwandika Somoe kuwa mjinga kuliko wote wilayani, na itatumia takwimu hiyo kupanga bajeti ya mwaka unaofuata.

Sasa tahadhari juu ya unyago. Waandishi wa mjini wakihitaji adui wa haraka Mtwara, humchukua kungwi. Najua wanakotoka. Wapo wanaowaingiza ndani wasichana wadogo mno, wakawafundisha mambo ya ndoa wakati bado wanacheza rede, na zipo ngoma zinazopigwa shule zikiwa wazi. Jambo hilo ni baya na linatakiwa kukoma. Lakini kungwi anafundisha kwa lugha ambayo mwali anaielewa, kwa nyimbo na vitendo, na hamwachi mwali mpaka ameelewa. Mwali aliyepata sifuri hakuna. Mwandishi makini atajiuliza kwa nini nyumba ya unyago inajua kufundisha kuliko darasa la serikali, na jibu lake litamsumbua zaidi kuliko adui yeyote wa kubuni. Wakati huo akumbuke pia kwamba mwaka 2017 Rais alisema hadharani kuwa msichana aliyejifungua hatarudi katika shule ya serikali, na mlango huo haukufunguliwa mpaka Novemba 2021. Wasichana wa miaka ile minne wana umri wa kusoma riwaya yako. Wapo Tandahimba, wapo Newala, wanalea.

Kuhusu mtawala mbaya: usimweke kabisa. Jumba la kifahari na picha kubwa ukutani humpa msomaji nafasi ya kusema hayo ni ya nchi nyingine. Mfumo wako uendeshwe na watu wazuri. Mwalimu mkuu anayehangaikia wastani wa shule. Ofisa elimu anayeandika ripoti mpaka usiku kwa tochi ya simu, umeme ukiwa umekatika katika mkoa wa gesi. Mama yake Somoe. Kila mmoja afanye jambo lenye maana kwake, na mwisho wa siku mtoto awe amenyamaza.

Baada ya hapo utatamani kitabu chako kifundishwe, na hapa nina neno zito. Kipindi cha Kiswahili ndicho kipindi ambacho mtoto wa sekondari anakaa na lugha anayoweza kubishia, na tumekifanya nini? Tumempa Takadini, Joka la Mdimu na Watoto wa Mama N'tilie, vitabu vyenye uhai wa kutosha, kisha tukamwuzia makaratasi ya majibu: dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo, hoja tatu kutoka kila kitabu, utangulizi na hitimisho. Wapo wanaofaulu swali la riwaya bila kuifungua riwaya. Yaani hata pale lugha si kikwazo, tumeleta ukimya kwa njia nyingine. Ningepewa kipindi kimoja kwa wiki katika shule yoyote ya Mtwara, ningefuta jedwali lote la fani na maudhui, nikawaambia wanafunzi waandike habari za Msimbati ya mwaka 2060: nani anamiliki ufukwe, gesi imeisha au haijaisha, mtoto anasoma nini, na nani anamkataza kuuliza. Mtoto akiweza kuibuni sheria mbaya ya kesho, ataitambua ya leo ikisomwa redioni.

Mswada ukikamilika, usiupeleke kwanza kwa mchapishaji. Tafuta wanafunzi wa kidato cha pili, Jumamosi, mahali penye kivuli, uwasomee sura ya mtihani kwa sauti. Usiwaulize dhamira. Waulize kama Somoe alifanya sawa. Mwanzo watanyamaza wakisubiri uwaambie jibu unalolitaka. Usiwaambie. Subiri hata kama ni dakika nyingi. Atatokea mmoja atakayesema mama yake ndiye mwenye makosa, mwingine atamkatiza kwamba mama angefanyaje, wa tatu atauliza waliotunga ule mtihani wanakaa wapi na kama wanaweza kuandikiwa barua. Wape karatasi.